Redio ya mbao: tutengeneze sauti yake, si ganda tu



Katika vitabu vidogo kama hiki tumezoea kusoma juu ya ngoma, juu ya mahari, juu ya majina ya mapacha, juu ya matanga na vyakula vya bankambo. Ni vizuri, na mimi ninavisoma kwa furaha. Lakini leo ninataka kusemea kitu ambacho wengi watasema hakina nafasi hapa: redio ya zamani ya mbao, ile ya lampi, iliyokaa juu ya meza ya saloni na kitambaa cheupe cha kufumwa juu yake, na watoto wakakatazwa kuigusa.

Ninaisemea kwa sababu inarudi. Mtu anakuta redio ya nkambo yake ndani ya depo, nyuma ya magunia ya makala. Anaipeleka kwa seremala, inapigwa msasa, inapakwa verini, inang'aa kama kiatu cha Noeli. Inawekwa saloni. Wageni wanaisifu: "Eeh, ile iko muzuri!" Halafu mmoja anauliza swali la haki kabisa: "Inasema?" Na mwenye nyumba anajibu: "Hapana, ni ya kupamba tu." Ao anajibu kwa majivuno zaidi: "Inasema sana. Tulitosha vile vyuma yote ya zamani, tukatia Bluetooth."

Majibu hayo mawili ndiyo yanayonishikisha kalamu. Wa kwanza ameweka maiti nyumbani na kuiita mzee. Wa pili amemvua mzee ngozi yake akamvalisha mtoto. Na kuna kundi la tatu, kali kuliko hayo mawili, linalosema redio ile isitengenezwe hata kidogo, kwa sababu ni kitu cha wazungu na si mila yetu. Nitaanza na kundi hilo la tatu, juu hoja yao ina uzito, na ukiiacha bila jibu, hayo mengine yote hayana msingi.

"Ile ni kitu ya bazungu"

Hoja yao ni hii. Radio Congo Belge ilianza kusema Léopoldville tarehe 1 Oktoba 1940, wakati Ubelgiji yenyewe ilikuwa imekaliwa na Wajerumani. Ilisemea wazungu kwanza. Matangazo yaliyopangwa kwa ajili ya Waafrika yalikuja mwaka 1949, na kule Léopoldville watu wa kite waliyasikia kwa vipaza sauti vilivyowekwa hadharani. Kuwa na redio yako mwenyewe, ndani ya nyumba yako, lilikuwa jambo la mtu wa mshahara mzuri: karani, mwalimu, muuguzi, fundi mkubwa wa Union Minière. Ni miaka ile ile ambayo serikali ilitoa carte du mérite civique (1948), kisha immatriculation (1952), na tume ilifika mpaka nyumbani kuangalia kama bwana na bibi wanaishi "kwa ustaarabu". Kwa hiyo, wanasema, redio ya mbao ni cheti cha evoluwe kilichopakwa verini. Ilikuwa ya kumwonyesha mzungu. Ya nini kuifufua?

Historia hiyo ni ya kweli, sibishani nayo. Ninabishana na mwisho wake.

Kwanza, gitaa lilitoka wapi? Halikuota Bunkeya. Lakini Jean-Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, alilichukua gitaa akalisemesha kwa namna ambayo mwenye gitaa wa kwanza hakuijua. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, leo Likasi, akarekodi muziki wake, na ulimwengu ukashangaa. Ni nani leo atasimama mbele yetu aseme gitaa la Mwenda ni kitu cha wazungu? Na kikwembe cha mama zetu, ile wax iliyokuwa ikitoka Uholanzi, ni nani atamwambia mama aivue siku ya arusi kwa sababu haikufumwa kijijini?

Kitu hakiwi mila kwa sababu ya mahali kilipozaliwa. Kinakuwa mila siku watu wanapokitumia kwa namna yao, wakaifundisha kwa watoto, mpaka mtoto akikosea anaambiwa: "Hapana vile." Na redio ile ilikuwa na adabu zake. Kulikuwa na mtu mmoja anayegusa kifungo, na wengine wanangoja. Kulikuwa na saa ya kunyamaza: saa ya habari, na zaidi saa ya matangazo ya vifo, maana jina lingeweza kutoka pale la mtu wa ukoo wako aliye mbali. Jirani aliingia bila kualikwa, akaketi, akasikiliza, akaaga. Hakuna mzungu aliyetufundisha kusikiliza redio kwa namna ile. Tulitia ndani yake adabu ya baraza.

Majirani wetu wa ng'ambo ya mpaka wanajua hivyo hivyo. Mwaka 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilitoka redio ndogo ya lampi na bateri kavu, ganda lake la duara kama sufuria, bei yake pauni 5, kwa ajili ya Waafrika. Kituo cha Lusaka kilisema Kibemba na lugha zingine za watu, na Kibemba tunakisikia hata huku Katanga. Serikali ya kikoloni ilikuwa na nia yake. Lakini watu waliona sanduku linalosema lugha ya mama yao, wakalifanya lao. Nia ya mwenye kutoa na kazi ya mwenye kupokea ni vitu viwili.

Pili, wandugu, fungueni kifuniko cha nyuma. Kabla ya kusema "kitu ya bazungu", tazameni kimetengenezwa na nini. Transfoma ni nyuzi za shaba. Viungo vyote vimeshikwa kwa bati. Nyuma ya spika kuna sumaku, na katika redio nyingi za miaka ya 1950 sumaku ile ni mchanganyiko wenye kobalti. Philips waliiita Ticonal, jina lililoungwa kwa herufi za titani, kobalti, nikeli na alumini. Na miaka ile, ni inchi gani iliyotoa kobalti kuliko zote duniani? Ni hii yetu, ni Katanga. Shaba ilitoka hapa, bati ilitoka Manono. Hakuna anayeweza kuonyesha kwamba uzi huu ao sumaku ile katika redio ya nkambo wako ilitoka katika shimo fulani. Lakini hesabu yote inajulikana: wazee walichimba, wakayeyusha, mali ikaondoka kwa treni, kisha vyombo vikarudi vimefungwa katika sanduku zuri lenye jina la kampuni ya Ulaya, na mzee akalipa mishahara ya miezi ili apate kimoja. Ukisema leo kwamba kitu kile si chetu, umemaliza kazi ambayo mkoloni aliianza. Yeye alichukua madini. Wewe unamwachia na chombo.

Sanduku lililotusemea kweli na uongo

Wengine wananiambia: "Sawa, ni yetu. Lakini ni ukumbusho wa siku nzuri tu, mambo ya wazee kulilia ujana." Hapana. Siitetei redio hii kwa utamu wake. Sanduku lile halikusema mambo mazuri tu.

Tarehe 30 Juni 1960 hotuba ya Lumumba mbele ya mfalme Baudouin ilipita kwa redio, na watu ambao hawakuwa Léopoldville waliisikia kwa masikio yao wenyewe. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 Julai, ni kwa redio pia, hapa Elisabethville, Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, si mbali na mji huu. Na redio ilisema nini? Mwezi wa Februari, Radio Katanga ilitangaza kwanza kwamba wafungwa wametoroka. Tarehe 13 ndipo Munongo, waziri wa mambo ya ndani, akatangaza kwamba wamekufa, eti wameuawa na wanakijiji. Wakati huo miili ilikuwa imekwisha kuharibiwa zamani.

Fikirini saloni za mji wetu juma lile. Sanduku lile lile la mbao, na taa yake ndogo ya manjano, linawaambia watu wazima jambo ambalo wengi wao hawakulisadiki. Mwenye nyumba anafunga kifungo, anatoka nje, anamuuliza jirani kwa sauti ya chini: "Na wewe umesikia nini?" Ile tunayoiita radio trottoir, redio ya barabarani, ilikuwa jibu la watu kwa sanduku lililojua kudanganya. Mila ya kusikiliza ilizaa mila ya kupima kile unachosikia. Leo, wakati uongo unafika kwa telefoni kila dakika, na kijana anauamini kwa sababu umeandikwa kwa rangi nyekundu, mila ile ya kusikiliza pamoja, kunyamaza, kisha kujadiliana, inatufaa kuliko zamani.

Ndiyo maana ninasema redio lazima iseme. Redio iliyonyamaza haiwezi kumfundisha mtoto hata moja kati ya mambo hayo. Itamfundisha tu kwamba nkambo alikuwa na samani nzuri.

Ngozi ya ngoma

Sasa nije kwa ndugu zangu wa Bluetooth. Wao hawachukii redio, wanaipenda, na upendo wao ndio unaoiua.

Kwanza tujue kinachotupwa. Ndani ya kila lampi, ndani ya kioo, kuna uzi mdogo unaopata moto. Moto ule unafanya chembe za umeme zitoke na kuruka katika utupu mpaka kwenye bamba la chuma. Njiani kuna wavu mwembamba. Sauti nyonge iliyonaswa na antena inafika kwenye wavu ule na kuutikisa, na mto mkubwa wa umeme unaopita unafuata mtikisiko ule ule. Hivyo kitu kinyonge kinatawala kitu chenye nguvu, na sauti inakua. Katika redio za miaka ya 1950, lampi kama ECH81 inashika mawimbi na kuyageuza, EL84 inasukuma spika, EZ80 inanyoosha umeme wa ukuta. Zingine zina na jicho la kijani, EM80, linalojifunga pole pole unapofika sawasawa kwenye stesheni. Kijana akiziangalia zinavyowaka, anaona umeme ukifanya kazi. Katika telefoni yake haoni kitu.

Na kwa sababu uzi lazima upate moto kwanza, redio ile haisemi mara moja. Unafungua, unangoja nusu dakika hivi, sauti inapanda kutoka mbali. Wazee waliketi katika nusu dakika ile. Nani leo anaketi kabla ya kusikiliza?

Haya yote anayetia Bluetooth anayakata kwa koleo na kuyauzisha kwa kilo kwa wanunuzi wa shaba. Anabakisha ubao.

Atanijibu: "Na wewe, fundi wako hakubadilisha vitu? Si alitosha za zamani akatia za mupya?" Swali zuri. Ndiyo, alibadilisha. Katika redio ya lampi, kinachokufa kwanza mara nyingi si lampi, ni kondansateri: zile za karatasi na nta, ambazo kwa joto na mvua zetu zinaanza kuvujisha umeme, na zile kubwa za dawa ndani, ambazo zinakauka. Hizo fundi anazitosha, anatia mpya za kipimo kile kile, na fundi mwenye heshima anafungua ganda la ile ya zamani na kuificha mpya ndani yake. Anabadilisha waya ambao mpira wake umekatika vipande. Anabandika upya ubao mwembamba wa juu, ambao gundi yake imeachia. Kama mchwa wamekula kona, seremala anatia kipande cha mukula, na hata kikionekana kwa wekundu wake hakuna aibu: kovu ni kovu.

Je, ni redio ile ile? Mimi ninajibu kwa ngoma, kwa kuwa wenye kupinga wanapenda ngoma. Ngozi ya ngoma ikipasuka tunafanya nini? Tunafunga ingine. Tumefunga ngozi nyingi juu ya mti ule ule, na hakuna mzee anayesema ngoma imekufa, maana ngozi mpya inafanya kazi ya ile ya kwanza: inapigwa, inalia. Lakini mtu akitoboa ngoma, akatia ndani kipaza sauti kinachocheza ngoma iliyorekodiwa, huyo hakutengeneza ngoma. Ametengeneza kasha. Kipimo ni hicho hicho kwa redio: kilichotiwa kimekuja kusaidia sauti ya zamani, ao kimekuja kuchukua nafasi yake?

Na jambo linaloumiza zaidi ni kwamba kuipasua hakukuwa na lazima. Angalieni nyuma ya redio nyingi za lampi. Pembeni ya tundu la antena kuna matundu mawili mengine, na alama ya P.U. ao picha ya sahani ya gramofoni. Mwenye kuitengeneza alikwisha kufikiri kwamba siku moja utataka kupitisha muziki wa chombo kingine kwa lampi zake. Wakati ule ilikuwa gramofoni. Leo ni telefoni. Fundi anaunganisha waya kwa namna inayofaa, na Mwenda wa Bayeke anatoka kwa telefoni ya mjukuu, anapita katika lampi za nkambo, anasikika kwa spika ya nkambo. Mlango ulikuwa pale. Wao wakavunja ukuta.

Visingizio, kimoja kimoja

"Lampi hazipatikani." Nyingi ziko bado nzima ndani ya redio zile zile mnazozitupa. Na EL84, ile ya kusukuma spika, inatengenezwa mpaka leo, kule Slovakia na Urusi, kwa sababu wapiga gitaa wa dunia nzima hawataki kuiacha. Lampi nyingine zinabaki katika akiba za zamani. Kila redio iliyopasuliwa ni akiba iliyoharibika.

"Inakula umeme." Redio ya kawaida ya lampi inatumia kama wati 40 mpaka 60. Pasi ya mama inakula mara kumi na zaidi, na hakuna mtu anayetupa pasi.

"Umeme wetu unapanda na kushuka, itaungua." Hii ni kweli kuliko zote. Lakini redio nyingi za transfoma zina kichaguzi cha volti nyuma: 110, 127, 145, 200, 220, 245. Fundi anayejua mji wetu anaiweka kwenye 245, na umeme ukipanda kidogo redio inavumilia. Na siku ya kwanza haichomeki ukutani moja kwa moja. Anaunganisha ampuli ya kawaida ya uzi katika njia ya umeme. Kama kuna kitu kibaya ndani, ampuli inawaka sana na redio inapona.

"Ni hatari." Ndiyo, na hapa ninawaomba mnisikilize vizuri. Ndani ya redio hizi kuna volti 250 na zaidi, na kondansateri zinaweza kuushika umeme ule hata baada ya kuitosha ukutani. Kuna na zile zisizo na transfoma, zinazoitwa tous courants: chuma chao cha ndani kinaweza kuwa na umeme wa ukuta wenyewe. Ya namna hiyo usiifungue, na usiunganishe telefoni nyuma yake, kama fundi hakutia transfoma ya kutenganisha. Mtoto asipewe bisibisi. Lakini jibu la hatari ni fundi. Makasi hayajibu kitu. Pikipiki ni hatari zaidi, na tunazipanda.

"Hakuna tena stesheni." Nusu ya kweli. Stesheni nyingi za Kongo leo ziko kwenye FM, na redio hizi nyingi, hasa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya inchi za joto, zina mawimbi ya kati na mawimbi mafupi tu. Mchana utasikia kidogo sana. Usiku, ukiwa na waya mrefu wa antena, katika meta 31 ao 49, utashika bado sauti za mbali. Si nyingi kama zamani. Kwa siku zote zilizobaki kuna yale matundu mawili ya nyuma.

"Ni afazali minervali ya watoto." Hapa ninanyamaza kidogo, kwa sababu ni kweli. Baba asitoe pesa ya masomo kwa ajili ya redio. Lakini wengi wanaonitupia neno hili wamekwisha kulipa seremala, na verini, na Bluetooth. Pesa ilikuwepo. Ilienda kwa ganda.

Fundi ndiye mila

Nimesema mengi juu ya sanduku. Lakini kama mtu angenilazimisha kuchagua kati ya sanduku na mtu anayejua kulitengeneza, ningechagua mtu.

Katika kartiye zetu kulikuwa na mafundi wa redio waliojifunza kazi kwa kuketi pembeni ya fundi mwingine. Walisikia ugonjwa kwa sikio: huu mngurumo ni kondansateri ya umeme, huku kukwaruza ni kifungo cha sauti, ukimya huu ni transfoma ya spika. Transistori zilipojaa sokoni, kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 na kuendelea, kazi ya lampi ilipungua. Wale waliobaki leo ni wazee. Wanapokufa, hakuna anayeandika walichojua. Tunaandika namna ya kukaza ngoma, tunaandika namna ya kufinyanga chungu, na tunafanya vizuri. Kwa nini ujuzi huu hatuuandiki? Kwa sababu ulifanywa mjini, kwa mikono yenye harufu ya bati?

Mji nao una mila. Mradi wa "Mémoires de Lubumbashi", ulioanza hapa mwaka 2000, ulitukumbusha hilo: kumbukumbu za wafanyakazi, za mama wa nyumbani, na vitu vya kila siku vya watu wa mji ni urithi sawa na vinyago. Kazi ile isibaki katika mashelfu ya chuo kikuu.

Na watu wasinitolee Artikle 15. "Tujipange na kile tuko nacho," wanasema, "Bluetooth ni rahisi." Artikle 15 ni kutengeneza pasipo vyombo. Ni fundi anayesuka upya transfoma kwa mkono, anayekata kitambaa cha spika katika kikwembe cha zamani kwa sababu panya wamekula kile cha kwanza. Yeye ndiye anayejipanga. Yule anayetupa kitu kinachoweza kupona amechoka tu kabla ya kazi kuanza.

Basi, nini tufanye?

Ninaomba mambo matatu, na ninayaomba kwanza kwa shirika letu lenyewe, kisha kwa wasomaji.

La kwanza: mwenye redio ya lampi nyumbani asiipasue na asiiuzishe kabla ya kuionyesha kwa fundi anayejua lampi. Hata kama hana pesa leo, aikaushe, aifunike, aiweke mbali na mchwa, asiichomeke ukutani "kujaribu tu". Redio iliyolala miaka mingi ikipewa umeme kwa ghafula inaweza kuungua siku ile ile.

La pili: wazee mafundi waliobaki waitwe, waketishwe na vijana wa shule za ufundi, na sauti zao zirekodiwe wanapofanya kazi. Waseme kwa Kiswahili chao cha kazi, na majina yao ya vyombo, hata yale yaliyotokana na Kifaransa kilichovunjika. Majina hayo ni sehemu ya ujuzi.

La tatu: tuwe na jioni moja kwa mwezi ya kusikiliza. Si kutazama, kusikiliza. Redio moja iliyotengenezwa sawasawa iwekwe mezani. Telefoni zizimwe, isipokuwa ile moja iliyounganishwa nyuma. Tungoje ile nusu dakika. Tusikie muziki wa wazee, tusikie na hotuba na matangazo ya zamani yaliyohifadhiwa, hata yale yaliyodanganya, kisha kifungo kifungwe na watu wajadiliane: kipi kilikuwa kweli, kipi kilikuwa uongo, na nani alikuwa na faida. Vijana waachwe waulize kwanza.

Yule atakayeniambia kwamba hii si mila, nitamkaribisha jioni ile. Aketi karibu na spika, na kiti kimoja kikiwa kimekosekana, tutamletea benchi.